Kitabu cha Ndani na Kitabu cha Nje

Wenzangu mnaobaki na maabara, siku mliyoniaga mlinipa saa ya ukutani na maneno mazuri, na mmoja wenu akaniomba niyaandike ninayoyajua kabla hayajapotea. Mengi ninayoyajua yamo vitabuni, na vitabu nimewaachia kabatini. Nitaandika yale ambayo hayamo humo. Majina nimeyabadilisha. Vyeo na mishahara nitavipita, kwa kuwa vyeo vilikuwa viwili tu na mshahara kila mtu aliujua.

Nilianza kama mwosha chupa. Zahanati yetu ya kanisa, upande wa Shauri Moyo, ilikuwa na chumba kimoja cha maabara chenye dirisha moja lililotazama ukuta wa choo. Mkuu wa chumba hicho alikuwa Bwana Athumani, mzaliwa wa Pumwani, mtu mwembamba aliyevaa koti jeupe lililopigwa pasi hata siku za Jumamosi. Siku ya kwanza alinipa ndoo, brashi na chupa za kutosha asubuhi nzima. Saa sita akaja, akainua moja kwenye mwanga.

"Umeosha?"

"Nimeosha, bwana."

"Hizi umezilowesha, mwanangu. Kuosha bado."

Nikarudia zote. Nilirudia kwa wiki tatu, na wiki ya nne akaacha kuziinua. Hicho ndicho cheti changu cha kwanza. Vingine nilivipata baadaye kwa kusoma jioni na kufanya mitihani nikiwa mtu mzima mwenye watoto, lakini hakuna kilichonigharimu kama kile.

Aliyenifundisha kupima alikuwa yeye. Enzi hizo tulivuta dawa na damu kwa mdomo kupitia mrija wa kioo, jambo ambalo nyinyi mkilisikia mnakunja uso. Siku niliyovuta kupita kiasi na kumeza maji ya damu ya mtu, Bwana Athumani hakushtuka. Alinipa maji nisukutue, akaniambia nimchunguze yule mgonjwa kwa makini zaidi kuliko wengine, kwa sababu sasa tulikuwa ndugu.

Alikuwa na sheria nyingi, na moja ndiyo inayonifanya niandike. Maabara ilikuwa na vitabu viwili vya kumbukumbu. Kitabu cha ndani, chenye jalada jeusi, kiliandikwa vipimo tulivyofanya wenyewe. Kitabu cha nje, chenye jalada jekundu, kilinakiliwa majibu ya vipimo tulivyotuma kwenye maabara kubwa ya mjini. Vilikaa rafu mbalimbali, cheusi karibu na mashine, chekundu karibu na mlango. Zamani, kabla sijafika, jibu lenye makosa kutoka mjini lilinakiliwa katikati ya majibu yetu, na daktari mmoja akamfokea Bwana Athumani mbele ya wagonjwa kwa kosa lisilo lake. Tangu hapo akatenganisha. "Cha kwetu tutajibu sisi. Cha wenzetu watajibu wao." Alipostaafu aliniachia vitabu vyote viwili na rafu zake, na alipofariki nikavishika kama wasia.

Kati ya vipimo vyote, nilichokipenda zaidi ni cha albumini. Hii ni protini iliyo nyingi kuliko zote katika maji ya damu, na inatengenezwa na ini peke yake. Kazi yake ya kwanza ni kuyazuia maji yasitoke kwenye mishipa. Kazi yake ya pili ni kubeba mizigo: mafuta, rangi ya nyongo, na dawa nyingi tunazomeza. Dawa iliyobebwa haifanyi kitu. Inazunguka tu na damu, kama abiria aliyelala. Ile iliyoshuka, ile isiyoshikwa na kitu, ndiyo inayoingia mwilini na kufanya kazi.

Nilikuwa naipima kwa rangi. Kuna dawa ya rangi ya manjano ambayo ikikutana na albumini inashikana nayo na kugeuka kijani. Albumini ikiwa nyingi, kijani kinakolea na kuelekea buluu. Ikiwa kidogo, maji yanabaki manjano ya kusikitisha. Mashine inasoma namba, lakini baada ya miaka kadhaa nilikuwa naijua namba kabla ya mashine. Kwa mtu mzima mwenye afya ni kama arobaini. Kwa mtu ambaye ini lake limejaa makovu, kwa pombe au kwa ule ugonjwa wa virusi unaokaa kimya miaka mingi, namba hushuka hadi thelathini, ishirini na tano, chini zaidi. Miguu inavimba, tumbo linajaa maji. Nilitazama manjano ile kila wiki, kwa macho yangu nikaiona dawa ya rangi ikikosa cha kushika, na haikunijia hata siku moja kwamba dawa ya mgonjwa nayo ilikuwa inakosa cha kushika vilevile.

Sasa nifike kwa Barasa.

Barasa alikuwa mchoma nyama katika Soko la Burma, mtu wa Bungoma, mabega mapana, mwenye kicheko cha kusikika vibanda vitatu mbali. Alikuwa na kifafa tangu alipogongwa kichwani ujanani, na kwa miaka mingi alimeza fenitoini, vidonge vitatu kila siku. Havikuwa vimemwacha aanguke hata mara moja kwa miaka minne. Zamani alikunywa sana, kisha akaacha, lakini ini halikumsamehe. Katikati ya miaka ya tisini alikuja kwetu tumbo likiwa limejaa, macho yana umanjano, mkewe Mama Nafula amemshika mkono.

"Karibu, Barasa. Leo umeniletea mbavu?" nikamuuliza nikifunga mpira kwenye mkono wake.

"Mbavu ni hizi zangu, daktari. Chagua."

Waliniita daktari sokoni, nami nilikuwa nimechoka kuwarekebisha.

Daktari wetu wakati huo alikuwa Kilonzo, mtu mwenye bidii, aliyekuwa ametoka kwenye mafunzo na alitaka kila kitu kipimwe. Sikumlaumu kwa hilo. Aliagiza vipimo vya ini, ambavyo nilivifanya mwenyewe, na akaagiza damu ipelekwe mjini kupima kiasi cha fenitoini, kipimo ambacho kilikuwa kigeni kwetu. Albumini ya Barasa ilisoma kumi na nane. Nilirudia mara mbili, ikasoma kumi na nane tena, nikaiandika kwenye kitabu cheusi. Baada ya siku tano jibu la mjini likaja. Fenitoini ilikuwa saba, na karatasi ilisema inayotakiwa ni kumi hadi ishirini. Nikainakili kwenye kitabu chekundu, kwa mwandiko safi, nikaipeleka kwa daktari.

Nilikuwa bado mlangoni Mama Nafula alipoulizwa.

"Mama, huyu mzee hamezi dawa."

"Anameza, daktari. Mimi mwenyewe ndiye nampa. Asubuhi moja, mchana moja, usiku moja."

"Una uhakika anameza? Si anaficha shavuni?"

"Daktari, huyu si mtoto."

Barasa akacheka, akafungua mdomo wazi kuonyesha mashavu. Kilonzo hakucheka.

"Damu haidanganyi, mama. Hapa imeandikwa dawa ni kidogo." Kisha akanigeukia. "Bwana Njoroge, hii namba ni sahihi?"

"Ni sahihi," nikasema.

Nayo ilikuwa sahihi. Nimelirudia neno hilo kichwani mara nyingi kuliko sala yoyote.

Kwenye kadi ya mgonjwa Kilonzo akaandika kwamba hamezi dawa inavyopasa, akaongeza vidonge kutoka vitatu hadi vitano, na akamwamuru mke asimamie kila kidonge. Mama Nafula alikuwa mtu wa kutii. Kwa vile alikuwa ameaibishwa, alitii zaidi. Baadaye nilikuja kujua kwamba alikuwa akimwita jirani, Mama Otieno, ashuhudie. Barasa alikuwa akimeza, anafungua mdomo, wanawake wawili wanachungulia, naye anauliza kama na yeye sasa ni ng'ombe wa maonyesho.

Wiki ya pili nilipita Burma kununua nyama ya Jumapili. Barasa alikuwa amekaa kwenye kreti, si kawaida yake. Jirani yake wa kibanda, muuza vichwa vya mbuzi, akaniita kando.

"Daktari, mwambie rafiki yako aache. Amerudia mambo yake."

"Amerudia nini?"

"Chang'aa, nini ingine? Angalia vile anatembea. Jana alikuwa anashika ukuta kama mtu wa meli. Na ile kuongea yake."

Nikaenda kumsalimia. Maneno yake yalikuwa mazito, na macho yalikuwa yakichezacheza kwenda pembeni na kurudi. Nikamnusa. Nasema kweli, niliinama nikamnusa mtu mzima kama Bwana Athumani alivyokagua chupa. Hakukuwa na pombe.

"Hata wewe," akasema.

Nikamshauri arudi kliniki. Alirudi. Kilonzo aliona usingizi, kuyumba na umanjano, akasema ini sasa linapeleka sumu kichwani, jambo ambalo ini bovu hufanya kweli. Akabadilisha chakula, akaongeza dawa ya kuharisha ili sumu hiyo itoke, akaacha vile vidonge vitano palepale. Hakuna aliyekuwa mjinga katika chumba kile. Kila mmoja wetu alikuwa na sababu ya kusema alichosema.

Siku chache baadaye, saa nane mchana, Barasa alitoka kibandani kwenda kumwaga majivu, akayumba, akaangukia mtaro na kugonga kichwa kwenye zege. Mtu mwingine angefungwa bandeji. Lakini ini ndilo linalotengeneza pia zile protini za kugandisha damu, na lake lilikuwa limechoka kutengeneza. Damu ilivuja ndani ya kichwa bila kusimama. Alikaa siku mbili katika hospitali kubwa, akafa.

Nilikwenda kwenye kikao cha mazishi nyumbani kwao. Kaka mkubwa wa Barasa, Simiyu, mwalimu, alikuwa ameshika kadi ya kliniki. Hakupaza sauti. Aliisoma ile sentensi ya Kilonzo kwa Kiingereza, akaitafsiri kwa Kiswahili ili wazee wasikie: mgonjwa hakuwa anapewa dawa ipasavyo. Kwenye kadi maana ilikuwa "hamezi". Alipotafsiri ikawa "hapewi". Nilisikia tofauti hiyo nikiwa nimekaa hatua tano kutoka kwake, na sikufungua mdomo, kwa kuwa niliamini wakati huo kwamba ama alificha ama hakupewa, na namba nilikuwa nimeithibitisha mimi.

Mama Nafula aliwatazama wote, kisha akanitazama mimi. "Nilikuwa nampa," akasema.

Walimzika Bungoma. Mama Nafula akarudi Nairobi peke yake. Wazee walikuwa wameamua kwamba binti yake Nafula na mdogo wake wabaki na Simiyu, kwa vile mama aliyeshindwa na vidonge hataweza watoto. Ili alipe nyumba na kula, akaanza kuosha matumbo Burma, mikono ndani ya beseni tangu alfajiri.

Miezi minne ilipita. Mimi nilikuwa na tabia, ambayo baadhi yenu mliicheka, ya kununua vitabu vya tiba kwa wauzaji wa njiani karibu na Muthurwa, vya zamani, vingine bila jalada. Nilikuwa navisoma saa ya chai kwa mpangilio, kurasa kumi kwa siku, na kamusi pembeni. Siku hiyo nilikuwa kwenye sura ya dawa na protini za damu. Aya ilikuwa fupi. Ilisema fenitoini, karibu sehemu tisa kati ya kumi, hushikwa na albumini. Kwamba vipimo vya kawaida huhesabu yote, iliyoshikwa na isiyoshikwa. Kwamba kwa mgonjwa wa ini mwenye albumini ya chini, na mwenye rangi ya nyongo inayogombania nafasi zilezile, sehemu isiyoshikwa huongezeka. Kwamba jumla inaweza kuonekana ndogo huku dawa inayofanya kazi ikiwa ya kutosha kabisa. Na kwamba anayeongeza dozi kwa kufuata jumla atamtia mgonjwa sumu. Dalili zilitajwa. Kuyumba. Maneno mazito. Usingizi. Macho kuchezacheza.

Niliacha chai. Nikachukua kitabu cheusi kwenye rafu ya mashine, na kitabu chekundu kwenye rafu ya mlango, nikavifungua juu ya meza moja. Sidhani viliwahi kukaa meza moja tangu Bwana Athumani avitenganishe. Kumi na nane upande huu. Saba upande ule. Damu ya mkono mmoja, asubuhi moja, mwandiko mmoja. Nikafanya hesabu kwa penseli. Kwa albumini ile, saba ya Barasa ilikuwa karibu sawa na kumi na tano ya mtu mzima wa afya. Alikuwa na dawa ya kutosha. Alikuwa akimeza vyote vitatu, kila siku, kama mkewe alivyosema.

Nilimpelekea Kilonzo ile aya. Akasoma mara mbili, akainuka akafunga mlango.

"Nani mwingine amesoma hii?"

"Mimi tu, daktari."

"Huyo mtu ini lilikuwa limeisha, Bwana Njoroge. Mwaka mmoja, miwili."

"Ndiyo, daktari. Ilikuwa yake, hiyo miwili."

Nilitoka nikijua nimevuka mpaka. Kesho yake asubuhi nilimkuta ndani ya maabara, ameshika rula, anachora safu mpya kwenye kitabu kimoja kipya. Kila kiasi cha dawa, albumini kando yake, kwenye mstari uleule. Hicho ndicho kitabu mnachotumia hadi leo. Mkiona mistari ya kurasa za kwanza imepinda kidogo, ni yeye aliyeichora. Nilimheshimu kuanzia siku hiyo.

Jumamosi nikaenda Burma. Nilikuwa nimejipanga maneno, kama mtu anayepeleka habari njema. Mama Nafula alinisogezea kreti kwa mguu, mikono bado imo ndani ya maji.

"Daktari, leo hakuna mbavu hapa. Ni matumbo tu."

Nikamweleza. Nilimwambia kuhusu ini, kuhusu albumini inayobeba dawa, jinsi ya Barasa ilivyopungua, na kwa nini namba ilionekana ndogo. Nikasema kwa uwazi: "Alikuwa anameza. Ulikuwa unampa. Damu yenyewe inaonyesha."

Alifunga macho. Nikadhani nimemaliza kazi niliyokuja kufanya.

"Kwa hivyo vile vitatu vilikuwa vinatosha."

"Vilikuwa vinatosha, mama."

"Na vile vitano?"

Sikuwa nimejipanga kwa swali hilo. Miaka mingi ya kuangalia kila kitu mara mbili, na hilo sikuliona. Alitoa mikono kwenye beseni, akaitazama.

"Vile vitano ndivyo vilimfanya ayumbe."

"Ndiyo."

"Nilikuwa namshika kidevu, daktari. Akikataa namwambia meza, unataka watu waseme mimi ni mke gani?"

Nilimwambia kosa halikuwa lake. Nilimwambia ni letu, ni langu, kwamba namba zote mbili niliziandika mimi nikaziweka rafu mbalimbali. Alinisikiliza kwa adabu, kama unavyomsikiliza mtu anayekupa pole kwa lugha usiyoijua. Kisha akajifuta mikono.

"Una karatasi ya kliniki?"

"Ninayo."

"Niandikie Simiyu."

Nikatoa karatasi na kalamu. "Niandike yote?"

"Ukiandika yote, atasoma nini?"

"Kwamba dawa ilizidi."

"Na iliyozidi alipewa na nani?"

Muuza vichwa alikuwa akimtania mteja upande wa pili, anamwapia kwamba mbuzi yule alikuwa amesoma hadi darasa la nane.

"Andika nusu," akasema Mama Nafula. "Andika alikuwa anameza na nilikuwa nampa. Hiyo nyingine tukae nayo, mimi na wewe."

Niliandika nusu. Vipimo vya damu vinaonyesha kwamba marehemu alikuwa akipata dawa yake kila siku kama ilivyoagizwa, na maneno ya awali kwenye kadi yalikuwa makosa ya kliniki. Nikatia sahihi. Jumatatu nikagonga muhuri wa maabara juu yake bila kumwomba mtu ruhusa, kosa ambalo nalikiri hapa mbele yenu.

Simiyu alikuwa mtu wa haki kwa namna yake. Aliwarudisha watoto shule zilipofungwa. Mara ya kwanza walipokuja kliniki, mdogo alikuwa na kikohozi, na Nafula, msichana wa miaka kumi na mitatu hivi, mrefu, mwenye mabega ya baba yake, alikuwa amemshika mkono. Mama yao akamsukuma mbele kidogo.

"Huyu ndiye aliandika ile barua. Msalimie."

Nafula akanipa mkono wake wa kulia, ameushika kiwiko kwa mkono wa kushoto, jinsi wanavyofundishwa kwao.

"Shikamoo, daktari. Asante kwa kutuandikia."

Mama yake alikuwa akinitazama. Nikasema marahaba, nikasema karibuni, na nikageuka kwenda kuandaa sindano.